KIMBUNGA KINAPOINGIA NDANI YA NYUMBA

Upepo unapita kwa siku moja. Bili yake wanandoa wanailipa miaka, sebuleni, chumbani na benki.

Najua unachojiuliza, msomaji wangu. Jarida la mapenzi na maisha lina habari gani na vimbunga? Hiyo si kazi ya watu wa hali ya hewa, wale wanaokuja mwisho wa taarifa ya habari wakati wewe umeshainuka kwenda kupakua chakula? Subiri kidogo. Muite na mwenzako, someni pamoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Septemba 1989, kimbunga Hugo kilipiga karibu na mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, Marekani. Miaka kadhaa baadaye watafiti wawili, Catherine Cohan na Steve Cole, walikaa na takwimu za ndoa, vizazi na talaka za jimbo lile. Walilinganisha wilaya 24 zilizotangazwa kuwa za maafa na nyingine 22 ambazo hazikutangazwa. Unadhani walikuta nini?

Mwaka 1990, kwenye zile wilaya zilizopigwa, ndoa ziliongezeka. Watoto waliozaliwa wakaongezeka. Na talaka nazo zikaongezeka. Vyote vitatu, kwa mpigo!

Mimi utafiti ule nausoma hivi: kimbunga hakiwabadilishi watu, kinawaharakisha. Waliokuwa wanapendana huku wanasubiri "mambo yakae sawa" waliona kumbe kesho haina mkataba, wakaoana. Waliokuwa wanavumiliana kwa mazoea tu, walipokaa wiki nzima bila umeme, bila maji, bila televisheni ya kujificha nyuma yake, waliona hakuna cha kuokoa. Kila mlichokiacha bila kukizungumza, siku hiyo kinatoka nje chenyewe.

Kwanza, kimbunga ni nini?

Tusichoshane na sayansi, ila hili ulijue. Kimbunga kinakula joto la bahari. Maji yakifika nyuzi joto 26 au 27 hivi, yanatoa mvuke mwingi, mvuke unapanda juu, hewa ya chini inakimbilia kujaza nafasi, na mzunguko wa dunia unaifanya ijisokote. Karibu kabisa na ikweta msokoto huo ni dhaifu, ndiyo maana pwani yetu hupona mara nyingi kuliko Msumbiji au Madagaska.

Watu wengi wanaogopa upepo. Lakini muuaji mkubwa ni maji: mvua isiyokatika, na bahari yenyewe inayosukumwa na upepo hadi ipande nchi kavu.

Mwezi ulikuwa kwenye kona

Mfano ambao dunia nzima iliuona ni Katrina. Kiliingia kusini mashariki mwa Louisiana tarehe 29 Agosti 2005, kikiwa cha daraja la 3. Mji wa New Orleans umekaa kama bakuli, sehemu zake nyingi ziko chini ya usawa wa bahari, na unalindwa na kuta za kuzuia maji. Kuta hizo zilivunjika sehemu zaidi ya 50. Asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji.

Tangazo la kuwataka watu wote waondoke lilitolewa siku moja kabla. Sasa itazame ile tarehe tena. 29 Agosti. Mwezi uko kwenye kona, mshahara bado haujaingia, mfukoni hakuna mshiko wa mafuta wala wa gesti. Na makumi ya maelfu ya familia hazikuwa na gari kabisa. Wale matajiri wenye magari na kadi za benki waliondoka. Wengine walibaki, halafu watu wakauliza kwenye televisheni, "Kwa nini hawakuondoka?" Jamani! Waondoke kwa miguu?

Kwa miaka mingi idadi ya waliokufa ilitajwa kuwa 1,833. Mwaka 2023 wataalamu wa vimbunga wa Marekani walipitia hesabu upya wakaishusha hadi 1,392. Huko Louisiana, karibu nusu ya waliokufa walikuwa na miaka 75 au zaidi. Yaani bibi na babu. Wale ambao kwenye kila familia kuna mtu anasema "fulani atamfuata mama", na fulani anadhani ni wewe.

Watoto je? Baada ya Katrina na kimbunga Rita kilichofuata mwezi Septemba, zaidi ya watoto 5,000 waliripotiwa kupotezana na familia zao. Watu walipakiwa kwenye mabasi na ndege bila kujua wanapelekwa wapi, baba mji huu, mtoto mji ule. Wa mwisho alipatikana Machi 2006. Miezi saba, na hii ni nchi tajiri yenye kompyuta kila ofisi.

Bima, hati na jina la babu

Hasara ya Katrina ilikadiriwa kuwa dola bilioni 125. Ni namba kubwa mno kichwani, kwa hiyo tuishushe hadi mlangoni kwa wanandoa wawili.

Wana nyumba, na bima wanalipa kila mwezi bila kukosa. Maji yanapokauka wanapiga simu kwenye kampuni, wanajibiwa kwa adabu kabisa: bima yenu inalipa uharibifu wa upepo, mafuriko hayamo. Mafuriko yalikuwa na bima yake tofauti, na wengi hawakuwa nayo. Kesi za "ni upepo au ni maji?" zikaburuzana mahakamani miaka. Hebu fikiria wewe na mwenzio mmesimama mbele ya ukuta uliodondoka, mnatakiwa kuthibitisha ulianza kupigwa na nini.

Serikali ilikuja na mpango wa kuwasaidia wenye nyumba wa Louisiana, ulioitwa Road Home. Hapo ndipo lilipoibuka jambo ambalo mimi lilinishtua kuliko yote. Maelfu ya familia za New Orleans zilikuwa zinaishi kwenye nyumba ambazo kwa karatasi hazikuwa zao. Babu alijenga, akafa, watoto wakaendelea kukaa, wajukuu wakazaliwa mle mle, mirathi haikufunguliwa. Kila jirani alijua ile nyumba ni ya nani. Ofisi haikujua. Bila hati yenye jina lako, fomu yako inawekwa pembeni.

Hata wenye hati hawakupata sawa. Msaada ulipimwa kwa kuangalia nyumba ilikuwa na thamani gani sokoni kabla ya kimbunga, badala ya gharama ya kuijenga upya. Misumari na mbao bei yake ni ile ile kila mtaa, lakini nyumba ya mtaa wa watu weusi ilikuwa na bei ya chini sokoni, kwa hiyo mwenyewe alipewa kidogo. Walikwenda mahakamani, na suala hilo likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2011, miaka sita baada ya maji kukauka.

Na kazi? Kwa miezi kumi ya mwanzo mji ule ulikuwa umepoteza wastani wa ajira 95,000. Mwaka 2000 New Orleans ilikuwa na watu karibu 485,000. Sensa ya 2010 iliwakuta karibu 344,000. Wengine walishaanza maisha Houston na Atlanta, hawakurudi tena.

Chumba kimoja, hasira mbili

Waliopoteza nyumba wengi walihamishiwa kwenye matrela ya serikali. Chumba chembamba kama basi dogo, ndani mna mume, mke, watoto, pengine na mama mkwe. Mwaka 2008 vipimo vya serikali vilionyesha hewa ndani ya mengi ya matrela hayo ilikuwa na kemikali ya fomalidehaidi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Watu walikuwa wanalalamika macho kuwasha na kifua kubana tangu siku za mwanzo.

Sasa weka hapo mume asiye na kazi, mke anayeamka usiku akisikia mvua, na deni la nyumba ambayo haipo. Utafiti uliofanyika kusini mwa Mississippi na kuchapishwa 2010 uliwauliza watu walio kwenye ndoa au wanaoishi pamoja kuhusu miezi sita kabla ya Katrina na miezi sita baada. Wanawake waliosema wamepigwa na wenza wao walikuwa asilimia 4.2 kabla. Baada ya kimbunga walikuwa asilimia 8.3. Karibu maradufu.

Simtetei mpigaji. Mamilioni ya wanaume walipitia maji yale yale na hawakuinua mkono. Lakini anayetuambia kwamba maafa ni habari ya mabati na nguzo za umeme tu hajaingia ndani ya nyumba.

Ukikata kinamasi umebomoa ukuta

Kuna kuta za zege, na kuna kuta alizojenga Mungu. Vinamasi vya pwani ya Louisiana vilikuwa vinapunguza nguvu ya bahari kabla haijaufikia mji. Lakini mto Mississippi ulibanwa na kingo ndefu, tope lake likaacha kuvirutubisha. Wachimba mafuta nao wakakata mifereji, maji ya chumvi yakaingia, majani yakafa. Tangu miaka ya 1930 jimbo lile limepoteza karibu kilomita za mraba 5,000 za ardhi ya pwani. Ni zaidi ya Unguja na Pemba kwa pamoja.

Katrina na Rita vikamalizia kwa kugeuza zaidi ya kilomita za mraba 500 kuwa maji matupu. Miti ipatayo milioni 320 ilikufa au kuharibika vibaya. Huko St. Bernard tangi la kiwanda cha kusafisha mafuta liling'oka kwenye msingi, zaidi ya galoni milioni moja za mafuta ghafi zikamwagika, nyumba kama 1,800 zikachafuka. Unarudi kuangalia kama picha ya harusi imepona, unakuta sebule imepakwa lami.

Na huku kwetu?

Usiseme hayatuhusu. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzamisha meli za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu. Siku moja ya upepo ikahamisha utajiri kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi.

Machi 2019 Idai kiliingia Beira, Msumbiji, kikaendelea hadi Zimbabwe, na mvua zake ziliizamisha Malawi pia. Watu zaidi ya 1,000 walikufa katika nchi hizo tatu, mashamba yakafunikwa na maji wiki chache kabla ya mavuno, kipindupindu kikafuata. Wiki sita baadaye Kenneth kikatua Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Bahati nzuri kilikuwa kimeshapungua nguvu, lakini vivuko vya Zanzibar vilisimama, na barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika siku kadhaa kwa mvua. Bahari inazidi kupata joto. Na sisi mikoko yetu tunaikata mkaa.

Fanyeni haya mwezi huu

Sio lazima msubiri kimbunga. Mafuriko ya Jangwani au moto wa jiko la gesi vinauliza maswali yale yale.

1. Itazameni hati. Nyumba au kiwanja kina jina la nani? Kama bado ni la marehemu mzee, mirathi ifunguliwe wakati ndugu bado mnaongea vizuri.

2. Isomeni bima. Ukurasa wa vitu visivyolipwa ndio wa kuanza nao. Muulizeni wakala kwa Kiswahili cha wazi: maji yakiingia ndani, mnalipa au hamlipi?

3. Nakala za karatasi. Vyeti vya ndoa na vya watoto, hati, kadi za bima. Vipigeni picha, vihifadhiwe kwenye simu zote mbili na kwa ndugu wa mkoa mwingine.

4. Nani anamfuata mama? Jina moja, sio "tutaona". Na nani anawafuata watoto shule mtandao wa simu ukikatika, mnakutana wapi?

5. Akiba ya mwisho wa mwezi. Nauli ya familia nzima hadi kwa ndugu, taslimu, isiyoguswa hata kwa harusi ya rafiki. Mkumbuke tarehe 29.

6. Semeni mnavyoogopa. Kuna mtu akiogopa ananyamaza, mwingine anafoka. Bora ujue wa kwako ni yupi sasa hivi, mkiwa na taa inawaka.

Naahidi mazungumzo haya hayatakuwa matamu kama chakula cha mishumaa. Ukimuuliza mumeo kiwanja kina jina la nani anaweza kukutazama vibaya. Ukimwambia mkeo unataka kujua akiba iko wapi anaweza kununa hadi Jumapili. Mpe nafasi, halafu muulize tena Jumapili jioni, akishakula.