Je, Wajua? Mabao 15 Yaliyotia Shaka

Katika mechi za mwisho za Kundi C, Ligi Daraja la Kwanza Tanzania, mwaka 2016, Geita Gold iliichapa JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora nayo ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Washindi hao wawili walikuwa wakiwania kupanda Ligi Kuu kwa tofauti ya mabao. Kwa hesabu ya uwezekano, timu yenye wastani wa bao moja na nusu kwa mechi hufunga mabao 7 au zaidi chini ya mara moja katika mechi 1,000. Takwimu huzua shaka ya upangaji matokeo tu, hazithibitishi: timu iliyokata tamaa nayo hupigwa kapu la mabao bila hongo yoyote. Shirikisho la soka la Tanzania, TFF, lilichunguza, likatoa adhabu ya kuzishusha daraja timu hizo, na Mbao FC ya Mwanza, ya kundi hilohilo, ikapanda Ligi Kuu.