Manowari kuukuu iliyobadili vita vya baharini

WENGI wetu tusikiapo neno manowari hufikiria ukubwa: mwili wa chuma, mizinga mirefu na mamia ya mabaharia. Jioni ya Oktoba 21, 1967, karibu na bandari ya Port Said nchini Misri, fikra hiyo ilizama pamoja na manowari ya Israeli iliyoitwa Eilat.

Hilo halikuwa jina lake la kwanza. Manowari hiyo ilijengwa Birkenhead, Uingereza, ikaingia kazini mwaka 1944 kwa jina Zealous. Ilikuwa na uzito wa tani 1,700 hivi, mizinga minne mikubwa na mitambo ya kufyatulia topido. Kazi yake ilikuwa kulinda misafara ya meli dhidi ya nyambizi za Ujerumani katika bahari baridi za kaskazini.

Februari 1945, pamoja na manowari nyingine tatu, ilifika kisiwa cha Sørøya, Norway, na kuwaokoa raia wapatao 500. Wengi wao walikuwa wakijificha mapangoni baada ya majeshi ya Ujerumani kuteketeza makazi yao.

Vita vilipokwisha, Uingereza ilibaki na manowari nyingi kuliko ilivyozihitaji. Mwaka 1955 iliuza mbili kwa Israeli na mbili kwa Misri. Zealous ikawa Eilat, nayo Zodiac ikaitwa Yaffo. Zenith na Myngs zikaenda Misri, zikaitwa El Fateh na El Qaher. Hivyo basi, muuzaji mmoja aliwapa silaha mahasimu wawili.

Mwaka uliofuata, wakati wa vita vya Suez, Eilat na Yaffo zilishiriki kuiteka Ibrahim el Awal, manowari ya Misri iliyokuwa imeushambulia mji wa Haifa. Hiyo nayo iliwahi kuwa ya Uingereza.

Siku ya mwisho ya Eilat ilikuja miezi michache baada ya vita vya Juni 1967. Ilipokuwa ikishika doria, mashua ndogo za Misri zilizoundwa Urusi ya Kisovieti zilifyatua makombora zikiwa bandarini, mbali na mizinga yake. Kila kombora lilikuwa na rada ya kulisaka shabaha lenyewe. Mabaharia walijaribu kuyatungua kwa risasi bila mafanikio. Mawili ya kwanza yaliilemaza meli. Baada ya zaidi ya saa moja yakaja mengine, na ikazama. Mabaharia 47 walifariki.

Siku tatu baadaye Israeli ililipiza kwa kuvipiga mizinga viwanda vya kusafishia mafuta mjini Suez.

Hii ndiyo iliyokuwa meli ya kwanza duniani kuzamishwa vitani kwa makombora yaliyofyatuliwa na mashua. Majeshi ya wanamaji kote yalishtuka. Israeli iliharakisha kombora lake la Gabriel na mitambo ya kuzihadaa rada. Oktoba 1973, karibu na Latakia, Syria, makombora ya aina ile ile hayakuipata hata mashua yake moja.

Misri nayo iliifanya Oktoba 21 kuwa siku ya kuadhimisha jeshi lake la majini.

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba guu huota tende. Eilat ilizilinda meli dhidi ya nyambizi na kuwaokoa wakimbizi, lakini iliundwa kwa ajili ya adui anayeonekana. Mwaka 1967 adui alikuwa amebadilika, nayo ikabaki ile ile ya 1944.