Kiwango cha Dawa ya Nusukaputi na Shughuli za Ubongo: Mipaka ya Vipimo

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anapopewa nusukaputi, mtaalamu wa usingizi hukabiliwa na hatari mbili. Dawa ikipungua, mgonjwa huweza kuzinduka upasuaji ukiendelea. Ikizidi, shinikizo la damu hushuka na ubongo hutulizwa kupita kiasi. Makala haya yanafafanua uhusiano wa kiwango cha dawa na shughuli za ubongo.

2.0 Kutoka Kwenye Damu Hadi Ubongoni

Propofoli huimarisha kazi ya GABA, kemikali inayopunguza msisimko wa seli za neva. Dozi ndogo huweza kwanza kuongeza mawimbi ya kasi ya umeme wa ubongo. Kiwango kikipanda na fahamu kupotea, hujitokeza mawimbi mazito yasiyofikia hezi 1, pamoja na mawimbi ya alfa ya hezi 8 hadi 12 katika sehemu ya mbele ya ubongo. Kikipanda zaidi, vipindi vya ukimya hupokezana na milipuko mifupi ya mawimbi. Mabadiliko hayo huchelewa kidogo nyuma ya kiwango cha damu, kwa kuwa dawa huhitaji muda kuingia ubongoni. Umri nao ni kigezo: mahitaji ya dawa za kuvuta kwa pumzi hupungua kwa takriban asilimia 6 kila muongo baada ya miaka 40.

3.0 Mipaka ya Vipimo

Kipimo kikuu cha nguvu ya dawa za kuvuta ni kiwango ambacho nusu ya wagonjwa hawasogei wanapokatwa. Kutosogea huko hutawaliwa zaidi na uti wa mgongo. Kwa hiyo si ushahidi wa moja kwa moja wa hali ya fahamu. Mashine ya BIS hufupisha mawimbi ya ubongo kuwa namba kati ya 0 na 100, na lengo la kawaida ni 40 hadi 60. Hata hivyo, ketamini huongeza mawimbi ya kasi, hivyo namba huweza kupanda ilhali mgonjwa hana fahamu. Akiiamini namba pekee, mhudumu huweza kuongeza dawa isiyohitajika.

4.0 Hitimisho

Suala hili lina uzito katika hospitali za Afrika Mashariki zinazotegemea ketamini. Aidha, utafiti wa BAG-RECALL wa mwaka 2011 haukuthibitisha kwamba BIS huzuia kuzinduka vizuri zaidi kuliko kengele za kiwango cha gesi. Watunga sera, basi, watangulize vifaa vya kupima gesi na mafunzo ya kusoma mawimbi yenyewe kabla ya kununua mashine za namba.