Tovuti ya Bibi Kondoo, na neno moja lililotuchukua wiki tatu

Kondoo niliokua nao Njombe ni wale wa mkia mnene, manyoya mafupi kama ya mbuzi. Hakuna aliyewanyoa. Sweta tulizovaa asubuhi za baridi mama alizifuma kwa uzi wa dukani, na sikuwahi kujiuliza uzi ule umetoka wapi. Ilibidi nifike Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza, nikiwa nesi mwenye watoto wawili, ndipo nikaona mnyama mwenyewe amesimama mvuani na koti lake la sufu. (Sufu, wala si sufi ile ya kujazia mito. Nilipomsimulia mama kwa simu alichanganya, ikabidi tuanze upya.)

Mwenye kondoo hao ni mama wa miaka sabini na kidogo, anayeuza kofia na uzi katika soko letu la Jumamosi. Nilimnunulia binti yangu kofia kwake, wiki iliyofuata nikarudi kwa ya mdogo wake, tukazoeana. Watoto wakamwita Bibi Kondoo. Nilipomweleza maana ya jina hilo alicheka, na sasa analitumia kusaini jumbe zake. Si mgonjwa wangu, wala hajawahi kulala wodini kwetu. Nalisema hilo mapema kwa sababu wauguzi mnaosoma hapa mngeniuliza. Kufanya biashara na mgonjwa ni mlango nisiofungua.

Siku moja aliniambia kwamba kumnyoa kondoo mmoja kunamgharimu karibu pauni mbili, na manyoya yake akiyauza kwa jumla hapati hata hizo mbili. Wenzake wengine siku hizi wanayaoza kuwa mbolea au wanayachoma moto. Yeye alikuwa anatuma sehemu ya manyoya kiwandani yasokotwe kuwa uzi, lakini sokoni anakutana na wapita njia walewale. Alitaka tovuti. Mpwa wake alimwahidi miaka miwili iliyopita, na ahadi ikabaki ahadi.

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Nilisoma stashahada ya uuguzi nyumbani, kisha shahada huku, na katika shahada hiyo kulikuwa na somo la kumbukumbu za afya kwenye kompyuta. Baadaye niliwatengenezea Watanzania wa eneo letu ukurasa wa matangazo. Basi, ujuzi wangu wote ndio huo. Nilimwambia Bibi ukweli, naye akasema unamtosha.

Hapa niwaambie wanafunzi jambo. Mdogo wangu anasoma kompyuta Leicester. Aliposikia habari hii alinipigia usiku huohuo: "Dada, kazi hiyo nipe mimi. Mia tano hapo hazikosi." Nikamkatalia. Viza yake ni ya masomo, na viza hiyo hairuhusu kujiajiri hata kwa kazi ndogo ya wikendi. Kuajiriwa kwa saa zinazoruhusiwa ni jambo moja, kufanya kazi yako binafsi na kulipwa na mteja ni jambo jingine kabisa. Alinuna siku mbili. Mimi nilishapata ukaazi wa kudumu, ndiyo maana niliweza kuichukua. Tulipatana pauni 400, na kwa kuwa mapato ya biashara ndogo yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi hayahitaji kusajiliwa kwa watu wa kodi, hapo hapakuwa na shida.

Kujenga kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia. Nilichagua huduma ya duka lililo tayari, unalipia kila mwezi, wenye huduma wanashughulikia usalama na malipo ya kadi. Ningeweza kutumia WordPress na WooCommerce, ambazo hazina ada, lakini hizo zinataka mtu wa kuzisasisha kila mara. Nikiwa zamu ya usiku na tovuti ikaanguka, nani ataiinua? Jina la tovuti tulilisajili kwa jina la Bibi, kwa barua pepe yake na kadi yake. Nimeona vikundi vyetu viwili vikipoteza tovuti kwa sababu jina lilisajiliwa na kijana aliyehama mji na kubadili simu.

Tulikwama kwenye maneno.

Bibi alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba huu ni uzi wa sufu oganiki, hauna kemikali, unafaa kwa wenye ukurutu na hupunguza maumivu ya viungo. Niliisoma mara mbili kama ninavyosoma chati ya mgonjwa mgeni.

Nilianza na ukurutu. Kondoo wake wengi ni Herdwick, kondoo wa asili wa milima hii, ambao huzaliwa weusi na kugeuka kijivu kadiri wanavyokua. Ndio kondoo aliowapenda Beatrix Potter, mwandishi wa hadithi za sungura, aliyeacha mashamba yake kwa shirika la National Trust alipofariki mwaka 1943. Sufu yao ni imara, inafaa sana mazulia na makoti, lakini ni nene. Unyuzi wa sufu ukizidi unene wa takriban maikroni 30, ncha yake haipindi inapogusa ngozi, inachoma. Merino wengi wako chini ya 24. Herdwick wamepita 30 kwa mbali. Mtu mwenye ukurutu akivaa hiyo shingoni atajikuna usiku kucha, na mimi ndiye nitakayempaka mafuta. Kuhusu maumivu ya viungo, nilimuuliza ushahidi uko wapi. Akasema glavu zake mwenyewe zinamsaidia. Nikamwambia joto linamsaidia, na hilo tunaweza kuliandika: zina joto. Madai ya tiba tukayafuta yote. Badala yake tukaandika kwamba sufu hii ni nene na ivaliwe juu ya shati. Aliguna. Aliona nimemwambia mteja asinunue.

Kisha neno oganiki, ambalo sisi kwa Kiswahili tumezoea kuliita kilimo hai. Wasomaji wa nyumbani mtakuwa mmeiona nembo ya Kilimohai kwenye vyakula, ile iliyokuja na kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007. Shamba la Bibi lina cheti cha kilimo hai cha hapa, na cheti hicho ni cha kweli: malisho hayawekwi mbolea za viwandani, kondoo hawaogeshwi kwa dawa kali za kuua wadudu, na mkaguzi huja kila mwaka. Mimi niliona jambo limekwisha. Shamba ni la kilimo hai, kondoo ni wa shamba hilo, sufu imetoka kwa kondoo. Tuandike.

Ila kabla ya kuandika nilitaka kuona karatasi. Ni mazoea ya wodini, dawa haiingii mwilini mwa mtu kabla hujasoma lebo mwenyewe. Bibi akaleta faili, nikafuata safari ya manyoya hatua kwa hatua. Shambani, cheti kipo. Kuoshwa, yanaoshwa kiwandani. Kusokotwa, kiwanda hichohicho. Nilipouliza kama kiwanda kina cheti, Bibi alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa mbwa wake. Hakina. Ni kiwanda kidogo kizuri, watu wake waungwana, lakini hawajakaguliwa kwa kilimo hai.

Sijui wangapi kati yenu mnajua jambo hili, mimi nilikuwa silijui. Kwa nguo na uzi, kiwango kinachoheshimika duniani kinaitwa GOTS, nacho hakiishii kwa mnyama wala kwenye mmea wa pamba. Kinakagua sabuni ya kuoshea, mafuta ya kusokotea, rangi, maji machafu yanaenda wapi, hata jinsi wafanyakazi wanavyotendewa. Bidhaa ikiitwa oganiki kwa kiwango hicho, angalau asilimia 95 ya nyuzi zake ziwe na cheti. Ikisemwa imetengenezwa kwa nyuzi oganiki, angalau 70. Na kila kituo njiani kiwe kimekaguliwa. Kituo kimoja kikikosa, mnyororo umekatika, hata kama kondoo wako amekula majani safi kuliko wote Uingereza.

Bibi alikasirika. Hakunikasirikia mimi hasa, ingawa ni mimi niliyekuwa mezani kwake. Aliniuliza: miaka yote anavumilia kondoo kuumwa na wadudu na kupoteza wana kwa kukataa dawa rahisi, leo asilitaje hata neno lenyewe? Sikuwa na jibu zuri. Nilijua pia kwamba bila neno hilo bei ya uzi wake ingekuwa ngumu kuieleza. Kulikuwa na duka moja mjini lililosema litachukua vibunda hamsini vya "uzi oganiki". Hamsini kwake ni robo ya mwaka.

Tulipiga simu kwa kiwanda chenye cheti. Kiwango chao cha chini cha sufu kwa awamu moja kilizidi manyoya ya kondoo wake wote. Hapo ndipo ziliporukia zile wiki tatu. Mwisho tuliwaandikia waliompa cheti cha shamba, tukawauliza kwa unyoofu tunaruhusiwa kusema nini. Walijibu vizuri, na maneno tuliyokubaliana nao ndiyo yaliyoko kwenye ukurasa hadi leo: kondoo wetu wanafugwa kwenye shamba lenye cheti cha kilimo hai, sufu yao inaoshwa na kusokotwa kwenye kiwanda kidogo ambacho hakina cheti hicho. Chini yake tuliweka namba ya cheti cha shamba.

Duka la vibunda hamsini likajitoa. Nilijisikia vibaya kwa siku kadhaa, kwa sababu zile pauni hazikuwa zangu.

Mengine niyapitishe haraka. Picha nilizopiga kwa simu zilikuwa megabaiti tano kila moja, na kwa mtandao wa bonde lile ukurasa ulifunguka polepole mpaka chai ikapoa. Nikazipunguza hadi chini ya kilobaiti 200. Herufi nilizichagua kijivu cha Herdwick juu ya nyeupe, zikapendeza, mdogo wangu akanichekesha: "Dada, hayo umeandika kwa moshi?" Kanuni inayotumika ni utofauti wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na mandhari, nami nilikuwa mbali nayo. Wafumaji wengi ni watu wazima, macho yamechoka. Nikatia nyeusi. Kila picha ikapewa maelezo kwa wanaosikiliza tovuti badala ya kuisoma. Tukaandika kwamba ni sufu asilimia 100, kwa sababu sheria inataka mnunuzi aone aina ya nyuzi kabla hajalipa, na haki yake ya kughairi ndani ya siku 14 tangu apokee mzigo. Anwani Bibi hakutaka kuiweka, anaishi peke yake. Sheria inataka iwepo. Tukaiweka, tukaondoa ramani na picha ya nyumba.

Tulifungua Machi 2024. Kosa kubwa lililofuata ni langu. Niliingiza uzi wa kijivu wa miaka miwili pamoja, kama bidhaa moja, kwa kuwa machoni mwangu kijivu ni kijivu. Mama mmoja akanunua vibunda nane kwa ajili ya sweta. Akafuma mwili wote, akafika mikononi, mkono wa kushoto ukatoka mweusi kuliko wa kulia. Uzi usiotiwa rangi hufuata kondoo, na kondoo wa mwaka juzi wameshakuwa weupe zaidi. Alituma picha. Hakutukana, na hilo liliniuma zaidi. Bibi alichimba ghalani akapata vibunda vitatu vya fungu lile la zamani, akavipeleka bure. Tangu hapo kila fungu lina mwaka na namba yake, na idadi inahesabiwa Jumamosi jioni baada ya soko, kama tunavyokabidhiana zamu: kilichouzwa, kilichobaki, nani amehesabu.

Mauzo si ya kutajirisha. Zinatoka oda tano au sita kwa wiki, wakati wa baridi zaidi kidogo. Lakini mwaka huu manyoya yote ya Bibi yalikwenda kusokotwa. Na lile duka la mjini lilirudi lenyewe, likachukua vibunda ishirini na kubandika maneno yetu ukutani kama yalivyo, pamoja na ile sehemu ya kiwanda kisicho na cheti.

Sasa Bibi anaweka bidhaa mwenyewe. Picha zake zina mbwa karibu kila mahali. Nilimwambia mara moja, akaniuliza kama sheria inakataza, nikaacha.

Mwezi wa saba nilimtumia mama sweta la Herdwick na mtu aliyekuwa anaenda likizo. Alipolipata akanipigia. "Mwanangu, zuri, lakini linachoma."

"Mama, umelivaa na nini ndani?"

"Ndani pana mimi."

Nikamwambia avae shati kwanza. Akakata simu kwenda kutafuta shati.