Kutu Haihesabu Miaka: Sayansi ya Kununua Gari Kuukuu la Porini kutoka Ng'ambo

Kila meli ya magari inapofunga gati Dar es Salaam au Mombasa, katika shehena yake hayakosekani magari ya aina ile ambayo watu wa bara huyathamini kuliko mengine yote: magari yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne, yawezayo kupita matopeni na mchangani pasipo barabara. Mengi kati yake si mapya. Yametumika kwa miaka mingi huko Japani au Uingereza, kisha yakauzwa kwetu, kwa kuwa nchi hizo, kama zetu, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Shule, zahanati, parokia na wafanyabiashara wadogo huweka akiba kwa muda mrefu ili kulipata moja tu. Swali la kwanza aulizalo mnunuzi ni hili: gari lina umri gani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la haki, halitoshi. Liko swali kubwa zaidi, nalo ni la kemia.

Sheria huhesabu miaka

Serikali nazo huanza na umri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ikiwa imepita zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada. Marekani mambo yamegeuka: gari lisilotengenezwa kwa kufuata kanuni za usalama za nchi hiyo huruhusiwa kuingia likishatimiza miaka 25. Umri ufungao mlango mahali pamoja hufungua mlango mahali pengine. Sababu ya sheria hizi kutegemea miaka ni dhahiri: miaka huandikwa katika hati, na karani yeyote aweza kuihesabu. Lakini kutu haisomi hati.

Uti wa mgongo wa gari

Magari ya porini ya zamani yalijengwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo kama ngazi iliyolazwa. Juu yake hukaa injini, bodi na abiria. Chini yake hufungwa springi na ekseli. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na bodi ya aloi ya alumini, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Hata hivyo chesisi yake ilikuwa ya chuma. Toyota ilianza kutengeneza gari lake la aina hii mwaka 1951, na kulipa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Lake lilikuwa la chuma juu na chini. Bodi ikitoboka, mvua huingia. Chesisi ikikatika gari likiwa mwendoni, usukani hauna tena amri juu ya magurudumu, na abiria wamo hatarini.

Chumvi barabarani

Katika nchi za baridi, theluji na barafu hufanya barabara ziteleze. Dawa yake ni chumvi. Maji safi huganda katika nyuzi 0 za Selsiasi, lakini maji yaliyokolea chumvi huweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Uingereza huchimba chumvi ya mawe huko Winsford, Cheshire, na kuimwaga barabarani kila majira ya baridi. Japani, sheria ya mwaka 1990 ilizuia matairi yenye vipini vya chuma, kwa kuwa yalikuwa yakisaga barabara na kutimua vumbi. Tangu hapo matumizi ya chumvi yakaongezeka.

Basi tuchukue magari mawili yaliyotoka kiwandani siku moja. La kwanza likatumika Sapporo, katika kisiwa cha Hokkaido chenye theluji nyingi. La pili likatumika Shizuoka, kwenye pwani ya Pasifiki, ambako theluji ni nadra. Hati zao zitataja umri mmoja. Chesisi zao hazitafanana hata kidogo.

Betri ndogo zisizoonekana

Kutu huhitaji vitu viwili pamoja na chuma: maji na oksijeni. Mahali pamoja juu ya chuma, atomi hupoteza elektroni na kuingia majini zikiwa ioni. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi mahali pengine, ambako oksijeni na maji huzipokea. Hiyo ni betri ndogo, nayo hujila yenyewe. Kazi ya chumvi ni kuyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na ioni zake za kloridi huvunja utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Aidha, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa; kwa hiyo huvimba, hubanduka, na kufunua chuma kipya ili kiliwe.

Pale alumini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo hutoa elektroni kwa wepesi zaidi, nayo ndiyo hutangulia kuliwa. Unga mweupe uonekanao kwenye maungio ya Land Rover kuukuu ndio ushahidi wa jambo hilo.

Wako watu wanaodhani kwamba gari likishaondoka kwenye theluji limepona. La hasha. Chumvi iliyojificha ndani ya chesisi husafiri pamoja na gari. Hewa ikiwa na unyevu unaozidi asilimia 75 hivi, chumvi hunyonya mvuke mpaka ikayeyuka tena, na betri zile huanza kazi upya. Usiku wa Tanga au Mombasa hutosha kabisa kwa kazi hiyo, na joto la pwani huiharakisha. Dodoma wakati wa kiangazi kutu hupunguza mwendo, lakini haisahau.

Namna ya kulikagua gari

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mnunuzi asianze na rangi. Ainame chini ya gari. Agonge chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mwanzo hadi mwisho: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hutoa mlio mzito uliokufa. Atazame hasa matundu ya kutolea maji, maungio, na mahali springi zinapofungwa, kwa maana chesisi ya umbo la boksi huoza kutoka ndani kwenda nje. Lami mpya iliyopakwa chini ya gari kuukuu itiliwe shaka. Sumaku isiyoshika kwenye bodi ya chuma huonyesha mahali palipozibwa kwa puti; juu ya alumini, sumaku haitamwambia kitu.

Anunuaye kutoka mnada wa Japani aombe karatasi ya ukaguzi. Humo herufi S huashiria kutu, kutokana na neno la Kijapani "sabi", na C huashiria chuma kilichokwisha kuliwa. Gari likifika, ndani ya chesisi paoshwe kwa maji baridi mengi yasiyo na chumvi, pakaushwe vizuri, ndipo papakwe mafuta mazito. Kupaka kabla ya kuosha ni kuifungia chumvi ndani.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu aweza kuyathibitisha haya kwa chupa tano za kioo na misumari isiyopakwa zinki, iliyosuguliwa kwa msasa. Chupa ya kwanza iwe na maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ya kupikia; ya pili maji ya kawaida; ya tatu maji ya chumvi, gramu 3 kwa mililita 100. Ya nne na ya tano ziwe na maji hayo hayo ya chumvi, ila msumari wa nne uzungushiwe waya wa shaba na wa tano ukanda wa zinki. Baada ya wiki moja wanafunzi wapange misumari kwa kiasi cha kutu. Wa kwanza na wa tano itasalimika. Wa nne utaumia kuliko yote. Ndipo waulizwe: katika Land Rover, ni metali ipi ishikayo nafasi ya zinki?

Shule inayojadili kununua gari isiiache kazi hiyo kwa mhasibu na wakala peke yao. Wanafunzi wa kemia wa Kidato cha Nne, wakiwa na nyundo, sumaku na tochi, waweza kuiokolea shule yao fedha nyingi, na pengine maisha ya wenzao.