Mapigano mepesi kwenye gemu: Yanakunogesha au yanakuboesha?

UMEWAHI kucheza gemu ya majoka na wachawi hadi ukasahau kula? Hiyo ndiyo raha yake: unazama katika ulimwengu usiokuwepo, na moyo unaamini upo. Lakini vijana hubishana kila siku. Je, mapigano yakirahisishwa, utamu unaongezeka ama unapungua?

Usikimbilie kujibu. Chukua Morrowind, gemu ya Bethesda iliyotoka mwaka wa 2002. Humo unaweza kusimama mbele ya panya, umpige upanga wa kichwa, na bado uambiwe umekosa. Kisa na maana? Kompyuta inarusha dadu kichinichini, ikipima ustadi na uchovu wako. Macho yanaona upanga umegusa, hesabu inakataa. Wageni wengi hukata tamaa papo hapo.

Oblivion ilipofuata mwaka wa 2006, dadu hiyo iliondolewa. Upanga ukigusa, umegusa. Ustadi wako unaamua tu adui ataumia kiasi gani. Hapo urahisi ulisaidia, kwa sababu unachokiona ndicho kinachotokea.

Sasa njoo Skyrim ya 2011. Joka linakutemea moto na uhai umebaki kidogo. Unafungua mkoba, dunia yote inaganda, joka linaning'inia hewani, nawe unabugia jibini na mikate kama uko harusini. Ukifunga mkoba, uko fiti. Umepona, sawa, lakini hofu imekwenda wapi?

Linganisha na Elden Ring ya 2022. Kunywa dawa huchukua muda na adui hakungoji. Ndiyo maana ukivuka daraja tu unashika pumzi.

Kwa hivyo shida si vitufe vichache. Shida ni pale pambano linapoacha kukuambia wewe ni nani katika hadithi hiyo. The Witcher 3, ya 2015, inaonyesha jambo hili vizuri. Geralt ni mwindaji wa mazimwi. Katika viwango vigumu, unasoma tabia za zimwi, unapaka upanga mafuta yanayolifaa, ndipo unaenda kuliwinda. Ukichagua kiwango cha chini kabisa, unafyeka tu na kupita. Hadithi unaipata yote, ila uwindaji wenyewe hujauonja.

Hiyo haimaanishi uone haya kuteremsha ugumu. Kama unalipia gemu kwa saa, ama una dakika arobaini tu kabla ya kurudi kwa vitabu, kufia mahali pamoja mara ishirini si ushujaa. Ni hasara. Kuna pia wasioweza kubonyeza vitufe kwa kasi kwa sababu ya ulemavu, na hadithi ni yao pia. Wanaokucheka eti unacheza kitoto, waache wacheke.

Jaribu hivi: anza na kiwango cha kati. Ukianza kukasirikia kidhibiti badala ya adui, punguza. Ukiona unaua joka huku unachati kwa simu, ongeza. Skyrim na The Witcher 3 zinakuruhusu kubadilisha wakati wowote. Elden Ring haina chaguo hilo, lakini unaweza kuita mizimu ikusaidie kupigana.

Mwenye kujua kama umezama ni wewe, si rafiki aliyekaa kando akikuelekeza.