Sekunde 17 kwa Kila Nakala: Nani Hulipia Kitabu cha Sayansi cha Bure?

Mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilichapa na kusambaza shuleni nakala zipatazo milioni 2.5 za vitabu vya Siyavula, vya hisabati na sayansi, kwa madarasa ya 10 hadi 12. Haikulipa mrabaha hata randi moja. Mzizi wa vitabu hivyo ni maandishi ya watu waliojitolea, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu, walioandika masomo ya fizikia, kemia na hesabu kwa ajili ya watoto wasiowajua.

Mark Horner alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2002, baada ya kuzungumzia mawimbi kwenye maonyesho ya sayansi, alifuatwa na binti wa shule moja ya kijijini aliyetaka amkagulie maelezo aliyoyanakili. Horner alidhani ni bidii ya kawaida tu. Binti akamweleza kwamba maelezo hayo ndiyo yangekuwa kitabu cha shule yao kwa mada hiyo. Horner na wenzake wakaanzisha mradi wa Free High School Science Texts, ambao baadaye ulizaa Siyavula, wakagawana sura, na wakawaalika watu wa nchi nyingine wasaidie kupitia intaneti.

Basi tupige hesabu. Makadirio ya saa na kurasa hapa ni yangu, ila yeyote aliyewahi kuandaa somo la maandishi anaweza kuyapima. Tuchukulie kitabu kina kurasa 400, na kila ukurasa unakula saa tano: kuandika, kuchora mchoro, kutunga mazoezi, kuyakokotoa majibu. Hizo ni saa 2,000, sawa na mwaka mzima wa mtu mmoja anayefanya kazi saa 40 kwa wiki. Madarasa matatu, masomo mawili kila darasa, ni vitabu sita (Afrika Kusini fizikia na kemia hufundishwa kama somo moja). Jumla, saa 12,000.

Zigawe saa hizo kwa nakala milioni 2.5. Kila nakala inapata sekunde 17 za jasho la mwandishi. Hata kama nimekosea na kazi ilikuwa kubwa mara tano, bado hatufiki dakika moja na nusu kwa nakala. Sijui kazi nyingine ya ualimu ambayo saa moja ya mtu mmoja inawafikia watoto wengi kiasi hicho.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili. Waandishi 50 wanaotoa saa mbili kila wiki wangemaliza saa 12,000 kwa wiki 120, yaani miaka miwili na kidogo. Kwa kweli, tangu binti yule aulize swali lake hadi uchapaji ule mkubwa ilipita miaka kumi. Muda ulikwenda wapi?

Sehemu kubwa, naamini, huliwa na kazi isiyo na sifa. Watu wengi hupenda kuandika sura ya kwanza kuhusu mwendo au atomu. Wachache hujitokeza kukagua zoezi la 37 la sura ya tisa. Mwanafunzi aliyejitolea ana mitihani yake, kisha anapata ajira, anaoa, anahama. Sura inabaki nusu. Anayeipokea lazima aisome upya, ailinganishe na sura nyingine, ahakikishe alama zinazotumika ni zilezile. Na ukaguzi hauwezi kurukwa: kwa wastani kila kitabu kati ya vile sita kilikuwa na nakala zaidi ya 400,000, hivyo alama moja ya kutoa ikisahaulika kwenye jibu, kosa linaingia katika nakala zote hizo, na mtoto aliyepata jibu sahihi analifuta mwenyewe. Juu ya hayo, mitaala hubadilika. Mtaala mpya wa Afrika Kusini ulianza na darasa la 10 mwaka 2012, la 11 mwaka 2013, la 12 mwaka 2014. Kitabu kilichokamilika kilipaswa kufunguliwa tena. Ndiyo maana ufadhili wa taasisi ya Shuttleworth Foundation ulikuwa na uzito: uliwezesha kazi iliyoanza kwa kujitolea iendelezwe na watu wenye mshahara.

Halafu kuna karatasi. Karatasi ya A4 ya kawaida ina uzito wa gramu tano. Kurasa 400 ni karatasi 200, yaani kilo moja. Nakala milioni 2.5 ni tani 2,500 bila kuhesabu majalada. Malori 83 ya tani 30 yangejaa, na mzigo ungebaki. Mwandishi anaweza kujitolea. Kiwanda cha karatasi, dereva na dizeli havijitolei. Mwaka huohuo wa 2012, mkoa wa Limpopo ulifika katikati ya mwaka wa masomo wanafunzi wengi wakiwa hawajapata vitabu, suala likafika mahakamani. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua kwamba kila mwanafunzi ana haki ya kuwa na vitabu vyake vyote vya kiada kabla masomo hayajaanza.

Kinachoondolewa na kazi ya kujitolea, basi, ni gharama ya ruhusa. Vitabu vya Siyavula hutolewa kwa leseni za Creative Commons: toleo lenye nembo za wafadhili unaweza kulinakili bila kulibadili, toleo lisilo na nembo unaweza kulikata, kuliongeza na kulitafsiri, mradi utaje lilikotoka. Vilitoka kwa Kiingereza na Kiafrikaans, katika nchi ambayo wanafunzi wengi nyumbani hawazungumzi hata mojawapo ya lugha hizo.

Hapo ndipo sisi wasomaji wa Kiswahili tunapohusika. Kurasa 400 zenye maneno 250 kila mmoja ni maneno 100,000. Mwalimu anayefundisha mchana na kutafsiri maneno 500 kila usiku anahitaji siku 200 kwa kitabu kimoja. Walimu wanne wakigawana, siku 50. Istilahi hazianzii sifuri: TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Tafsiri inaweza kupatikana kwa kujitolea. Fedha kidogo zitakazopatikana apewe mtu wa tano, yule atakayekaa na majibu ya mazoezi yote na kuyakokotoa upya moja baada ya jingine.